Nchi Iliyopona Jumatatu

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani yoyote mliyo nayo, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta, na tafadhali msichungulie dirishani. Iko mbali sana. Huko watu wanapenda chai yenye sukari nyingi, wanawapenda viongozi wao kwa amri, na wanasikiliza redio. Mimi nilikuwa mtangazaji wa redio hiyo. Kazi yangu ilikuwa kueleza yaliyotokea, na siku ambazo hayakutokea niliyaeleza vilevile.

Mambo yalianza kwa kiu ya Mtukufu. Mtukufu ndiye kiongozi wetu. Ana jina lake, ila kulitaja kunahitaji kibali. Siku moja katikati ya kikao cha baraza la mawaziri alikunywa maji yote ya mezani, akamalizia na ya chombo cha maua. Madaktari wa Ikulu wakampima, wakamwambia, huku wamepiga magoti, kwamba ana sukari na ana presha. Mtukufu alikasirika sana. Alisema hakumbuki kuyateua maradhi hayo.

Sasa nyuma ya Ikulu, pembeni ya ukuta, liliota gugu ambalo wenyeji walilipa jina la mbuzikataa, kwa sababu mbuzi, ambaye kwetu hula hata magazeti ya serikali, akilinusa hilo huondoka zake. Asubuhi moja mpishi aliishiwa majani ya chai, akachuma mbuzikataa, akachemsha, akapeleka mezani. Mtukufu akanywa, akakunja uso, akapimwa. Sukari imeshuka. Presha nayo imeshuka. Wenye roho mbaya walinong'ona kwamba asubuhi hiyohiyo daktari wake wa ng'ambo alikuwa amemchoma sindano ya insulini na kumpa vidonge vya presha. Hilo mimi silijui. Mimi ni mtangazaji.

Jioni nilitangaza kwamba gugu limebadilishwa jina, sasa linaitwa Mneemeshi, na kwamba mpishi ameteuliwa kuwa Profesa.

*

Mneemeshi ukakaushwa, ukasagwa kuwa Unga, ukatiwa kwenye makopo ya kijani yenye picha ya Mtukufu akitabasamu. Chini ya picha paliandikwa: "Kirutubisho asilia cha sukari na moyo." Na kusema haki, Unga wenyewe haukuwa na ubaya. Mtu mwenye dawa zake akiula kama mboga, nasikia humlainisha choo. Ubaya haukuwa kwenye kopo.

Palitokea mbunge mmoja, mgeni mgeni hivi, akauliza kama Unga umefanyiwa majaribio. Waziri wa Kupona, Dakta Sunguti Kilimbira, akasimama kujibu. Udaktari wake ni wa heshima, tena heshima yenyewe aliiomba mwenyewe.

"Mheshimiwa Spika," alisema, akarekebisha tai, "Unga huu umejaribiwa kwa mtu mmoja tu, lakini ni mtu gani! Wenzetu hujaribu dawa zao kwa panya. Sasa namuuliza ndugu yangu, anataka tumlinganishe Mtukufu na panya?"

Bunge zima likanguruma hapana. Yule mbunge naye alinguruma, tena kuwashinda wenzake, lakini alikuwa amechelewa kidogo, na siku hizi ni balozi wetu katika nchi ambayo hatuna ubalozi.

Kikao hakikuvunjwa mpaka ilipopita Sheria ya Kupona. Ilikuwa na kifungu kimoja tu, nami nilikisoma redioni mpaka nikakihifadhi: Kila raia mwenye sukari au presha amepona kuanzia Jumatatu.

Naikumbuka Jumatatu ile. Watu waliamka wazima kisheria. Kliniki zikafungwa, maana serikali makini haiwezi kulipa mishahara ya wauguzi wa ugonjwa usiokuwepo, zikageuzwa maghala ya Unga. Vipimo vya sukari vikakusanywa nyumba kwa nyumba kwa sababu vilikuwa na tabia ya kubishana na serikali. Insulini na sindano zake zikaitwa vitu vya zamani, na aliyekutwa navyo alishtakiwa kwa kosa la kuugua makusudi. Hata ile methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua ilipigwa marufuku. Kanga zilizoandikwa maneno hayo zilinyang'anywa sokoni mchana kweupe, wenyewe wakarudi makwao wamejifunga magunia matupu ya Unga.

*

Kila mkuu wa wilaya aliagizwa kuleta mtu mmoja aliyepona, akiwa amesimama. Sharti la kusimama ndilo lililowatoa jasho. Raia wengi waliokuwa wakitumia Unga peke yake walikuwa bado wanapona wakiwa wamelala.

Mkuu wa Wilaya ya Gongoni ndiye aliyebahatika. Alimpata Bi. Siwatu binti Makame, mjane, mkaanga vitumbua, mama wa binti mmoja. Mtaa mzima ulijua kwamba Bi. Siwatu ana sukari ya miaka mingi, ile isiyo na mzaha, ya kuchoma sindano kila siku. Nao wakamkuta amesimama imara mbele ya karai, ngozi inang'aa, anamfokea mteja aliyebonyeza kitumbua bila kununua. Mkuu wa Wilaya alitokwa na machozi ya furaha.

Kilichomsimamisha Bi. Siwatu kilikuwa kimo ndani ya gudulia la maji. Bintiye Mashavu alikuwa akivuka mpaka kwa miguu kuchukua insulini, kisha anazizamisha chupa kwenye gudulia ili zisipate joto. Majirani walijua. Walikuwa wakipita hapo wanasema, "Maji yenu matamu," kisha wanakwenda zao.

"Mama," Mkuu wa Wilaya alimuuliza, "umepona?"

Hebu fikirini mngekuwa nyinyi. Akisema hapana, ameugua makusudi, na nyumba itapekuliwa, na gudulia litamwagwa. Akisema ndiyo, basi amepona. Bi. Siwatu alimtazama askari aliyesimama mlangoni, akamtazama Mashavu aliyekuwa amelikumbatia gudulia kifuani.

"Nimepona, mwanangu," akasema.

Wakampakia garini hapohapo, hajaepua hata vitumbua. Akapewa cheo cha Shuhuda wa Taifa, na mimi nikapewa kazi ya kufuatana naye na maikrofoni.

*

Kwetu mgeni hukirimiwa kwa chai, na chai ya heshima hutiwa sukari mpaka kijiko kinasita. Chai isiyo na sukari hupewa mkwe asiyetakiwa. Waziri Kilimbira aliichukua desturi hii akaitengenezea jukwaa. Kila mji tulioingia, mama wa mji alipanda na kikombe na sahani ya kashata, umati ukaimba, "Shuhuda!" Bi. Siwatu akajibu, "Naam!" wakaimba, "Kunywa!" naye akanywa. Akimaliza, akasimama wima, wakashangilia. Unga ukanunuliwa mpaka na wasioumwa.

Walimpa mlinzi, Afande Nyamizi, mwanamke mrefu asiyecheka, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja na kumsubiri mlangoni mwa choo. Bi. Siwatu alikuwa na kichupa kimoja na sindano, amevifunga kiunoni ndani ya kanga kwa kitambaa kilicholowa maji. Choo ndicho kilichokuwa zahanati yake. Ikawa vizuri kwa muda, mpaka Waziri alipopata taarifa.

"Mama Shuhuda," alimwambia mbele yetu, kwa upole wa kutisha, "tumeona unakwenda haja mara kwa mara. Mtu aliyepona haendi haja namna hiyo. Unatuharibia picha."

"Mheshimiwa, hii chai yote ninayonyweshwa itoke wapi?"

"Ibaki humohumo, mama. Kwa maslahi ya taifa."

Kuanzia hapo kila choo tulichofikia kiling'olewa mlango kabla hatujashuka garini. Afande alisimama ndani, uso ukiwa ukutani kwa heshima, masikio yakiwa wazi kwa usalama.

Nilimwona Bi. Siwatu akianza kulegea. Midomo ilimkauka, sauti ikawa nzito, jukwaani akawa anashika meza. Nilimhurumia, nasema wazi. Halafu, katika mji mmoja wa milimani, akachangamka ghafla, na jioni yake tena akachangamka, nami sikuelewa mpaka siku nilipogeuka wakati usiofaa. Wimbo wa taifa ulikuwa unapigwa. Wimbo wetu una beti nyingi, tumshukuru aliyeutunga, na ukipigwa kila mtu lazima asimame wima na kuikazia macho bendera, Afande Nyamizi akiwa wa kwanza, mkono kwenye kofia. Bi. Siwatu alikuwa amesimama nyuma yao wote, mkono mmoja kifuani, na mkono mwingine, chini ya kanga, ukiwa na kazi yake.

Ndani ya gari aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umeniona?"

"Mimi nilikuwa naangalia bendera, mama."

"Bendera ilikuwa nyuma yako."

Akacheka, nami nikacheka. Afande akageuka kutoka kiti cha mbele, akauliza tunacheka nini. Tukamwambia tumefurahi kupona.

Kisha Bi. Siwatu akaegemea kioo, akaninong'oneza, "Sitaki ukubwa mimi. Nataka kwenda kwangu. Nikaange vitumbua vyangu, nijichome sindano yangu, nife siku yangu. Ni mengi hayo?"

Niliona si mengi. Lakini maikrofoni ilikuwa mapajani mwangu, na maikrofoni ya serikali huna uhakika imezimwa, kwa hiyo nilisema mvua inaonekana itanyesha.

*

Wakati huohuo kule mpakani afisa forodha mmoja, kijana mwenye bidii ya kuudhi, alilikamata sanduku la barafu lililojaa vitu vya zamani. Aliyelibeba alijitetea kwamba ni mzigo wa Ikulu. Afisa akamwongezea kosa la kumsingizia Mtukufu. Barafu ikamwagwa, chupa zikakanyagwa mbele ya kamera. Mtukufu alifurahi sana. Alimwita yule afisa, akamvisha nishani kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akauliza lile sanduku lilikuwa la nani.

Lilikuwa la daktari wake wa ng'ambo. Daktari mwenyewe alishapanda ndege kwao, hataki hata salamu.

Baada ya muda nikaanza kuagizwa nitangaze kwamba Mtukufu yuko mapumzikoni. Kisha kwamba anatafakari. Kisha ikaja barua ya heshima: Shuhuda wa Taifa anaitwa Ikulu, wanywe chai pamoja, wawili waliopona, mbele ya mabalozi na wananchi.

Bi. Siwatu aliposikia alikishika kiuno chake. Kichupa kilikuwa kimebaki na dawa ya chini kabisa. Na Mashavu, niliyeruhusiwa kumpigia simu kwa niaba ya mama yake, alisema sasa mpaka haupitiki, hata maji ya kunywa yanamwagwa kwanza ndipo mtu apite.

"Mwambie mama ajibane," alisema. "Mwambie natafuta njia nyingine. Asikubali kunywa chai yao jamani."

Nilimfikishia ujumbe. "Nisikubali," alisema, "nimwambie nani kwamba sikubali?"

*

Langoni mwa Ikulu walikuwa wametundika kitambaa kikubwa chenye maandishi: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Nilikisoma, nikaona ni methali nzuri tu.

Meza iliwekwa bustanini. Mabalozi walikaa upande mmoja, mawaziri upande mwingine, na karibu zaidi alikaa Makamu wa Mtukufu, bwana mwembamba, aliyekuwa amevaa suti nyeusi na tai nyeusi ingawa hapakuwa na msiba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti vya wanywaji wawili. Niliamriwa nizime maikrofoni wakati wa kunywa, kwa sababu taifa halipaswi kumsikia Mtukufu akimeza.

Sikuwa nimemwona Mtukufu kwa karibu kwa muda mrefu. Suti ilikuwa inamning'inia. Midomo imepasuka, macho yamezama ndani, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyolala. Kikombe kikawekwa mbele ya kila mmoja, na sukari ikatiwa kwa mbwembwe, kijiko juu ya kijiko.

"Karibu chai, mama," akasema Mtukufu.

"Mwenyeji huanza, baba," akasema Bi. Siwatu.

Mtukufu akakitazama kikombe kama mtu anayetazama kisima. Akapiga funda. Bi. Siwatu naye akapiga funda. Mabalozi wakapiga makofi.

"Bi. Siwatu," Mtukufu alinong'ona, bila kuacha kuwatabasamia watu, "wewe umepona kweli?"

"Nimepona, Mtukufu. Na wewe, baba, umepona?"

"Mimi ndiye wa kwanza kupona."

"Tumshukuru Mungu."

Chai ikatoa moshi.

"Lakini nasikia," akaanza tena, "wapo waliopona ambao bado... wanatunza vile vitu. Kwa kumbukumbu tu."

"Mimi nakaanga vitumbua, Mtukufu. Mambo ya makumbusho siyajui."

"Mama, nimeishiwa nguvu. Nakwenda haja mpaka walinzi wamechoka kunipigia saluti. Kama unacho, nipe. Nitakupa wilaya."

"Wilaya nitaifanyia nini? Maikrofoni ile pale nyuma yetu. Mwambie huyu kijana aiwashe, useme kwamba bado unaumwa. Neno moja tu, baba. Kliniki zifunguliwe, na mimi nirudi kwangu. Ukisema hilo, tunagawana kilichopo hapahapa, mbele ya watu wote."

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Mtukufu aligeuza macho, siyo kichwa, akamtazama Makamu. Makamu alikuwa akimtazama kwa upendo mkubwa, kama mtu anayengoja embe liive.

"Nikisema naumwa," Mtukufu alinong'ona, "jioni sifiki. Ile amri ya kuugua makusudi inasema mwenye kosa hilo hawezi kushika cheo. Niliitia saini mwenyewe. Mimi na wewe tumefungiwa chumba kimoja, mama, ila upande wangu umetandikwa zulia."

"Basi tufe na zulia lako," akasema Bi. Siwatu.

Mtukufu akajaribu kucheka, akashindwa. Kichwa kikaanza kumwangukia kifuani. Macho yakafunguka nusu, hayamwoni mtu, na akaita kwa sauti ya mtoto mdogo, "Mama." Sijui alikuwa akimwita nani. Makamu alishaanza kufungua kifungo cha koti, ambamo mlikuwa na karatasi ya hotuba iliyokunjwa.

Waziri Kilimbira, ambaye hakuna kimya kisichomtia hofu, alisimama na kuanza hotuba. "Waheshimiwa, mnachokiona ni usingizi wa afya!"

Bi. Siwatu alimtazama mtu yule aliyelegea kitini. Baadaye aliniambia kwamba mumewe alikufa vilevile, midomo imekauka, anamwita mama yake, na yeye ameshika mkono tu hana la kufanya. Sijui kwa nini mtu humhurumia aliyemfunga. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilichoona ni kitambaa cha meza kikiinuka kidogo, na mkono wake ukiingia chini yake, na paja la suti ya Mtukufu likishtuka. Alikusudia kugawa nusu kwa nusu. Lakini Afande Nyamizi alikuwa anasogea, basi Bi. Siwatu akaisukuma yote.

Dawa ile haifanyi kazi papo hapo, lakini hotuba ya Waziri nayo haikuwa ya papo hapo. Alianzia kwenye kuumbwa kwa mimea, akapita vita vya ukombozi, akafika bei ya makopo, na alipokuwa anakaribia kushukuru kamati ya maandalizi Mtukufu aliinua kichwa. Akakaa sawa. Akafuta mdomo. Makamu akarudisha karatasi yake ndani ya koti.

Mtukufu alinipa ishara nikawasha maikrofoni.

"Wananchi," alisema, na sauti ilikuwa imerudi, ile ya zamani, nzito, "mmenishuhudia. Nimekunywa chai ya sukari, nikapumzika kidogo, na sasa niko mbele yenu imara kuliko jana. Nani atathubutu tena kuuliza kama Mneemeshi unaponya?"

Bustani ikalipuka kwa shangwe. Bi. Siwatu alishika ukingo wa meza akasimama, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Mtukufu," alisema, na maikrofoni ikamchukua, "na mimi je?"

Nilimwona Mtukufu akimeza mate. Kwa muda mfupi nilidhani atasema, maana jicho lilimcheza, na mtu akiokolewa uhai hubaki na haya fulani kwa siku moja mbili. Kisha akamwita Waziri, Waziri akaleta kopo kubwa la Unga lililopakwa dhahabu, na Mtukufu akamkabidhi kwa mikono miwili. Wapiga picha wakaomba warudie, wakarudia.

*

Wakampeleka Bi. Siwatu, nami nikifuata na maikrofoni, kwenye nyumba ya wageni wa taifa, yenye bustani na ukuta mrefu, apumzike kwa heshima. Ikulu ilipata sanduku jipya kwa njia za kidiplomasia, nasikia siku chache tu baadaye, na naamini Mtukufu alitaka kumpelekea chupa moja. Siyo mtu mbaya anapokuwa peke yake. Ila angemtuma nani? Agizo lolote la afya hupitia kwa Waziri wa Kupona, na nakala huenda kwa Makamu. Kwa hiyo akatuma zawadi isiyotiliwa shaka. Alituma gunia la sukari.

Mashavu aliruhusiwa kuingia akiwa mikono mitupu, baada ya kupekuliwa hadi kwenye nywele. Alimkuta mama yake amelala, anapumua kwa nguvu, midomo imekauka. Kopo la dhahabu lilikuwa mezani, limefunguliwa. Afande alikuwa akimkorogea mwenyewe asubuhi na jioni, kwa moyo kabisa, huku analia, maana hata yeye alishaelewa.

"Nilikuwa nacho, Mashavu," mama yake alimwambia. "Nikampa yule baba."

"Kwa nini, mama?"

"Aliita mama."

Mashavu alikasirika kwanza, nilimwona, mishipa ya shingo ilimsimama. Kisha akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia. Bi. Siwatu akauliza tu kama karai lake liliepuliwa jikoni siku ile.

*

Kifo chake kilituletea kazi ngumu ya kuandika tangazo. Nilikaa na Waziri ofisini. "Amefariki baada ya kuugua" haikuwezekana. "Amefariki ghafla" ingezua maneno. Waziri alizunguka chumba, akashika kiuno, akatazama dari, mwisho akapiga meza.

"Andika: amefariki dunia akiwa na afya njema."

Nikaandika. Nikasoma redioni kwa sauti ya huzuni, na muziki wa huzuni ukafuata, na ndani ya nafsi yangu nilijichukia kwa jinsi nilivyosoma vizuri.

Sasa kwetu, mtu akifika msibani hutoa pole, huvua viatu, hukaa mkekani, na baada ya kitambo huuliza: marehemu alikuwa akiumwa nini? Siyo umbeya. Ni adabu; asiyeuliza huonekana hakumjali marehemu. Siku ile Gongoni watu walifurika mpaka barabarani, wakavua viatu, wakakaa, na wote wakalimeza swali. Sijawahi kuona msiba mkimya vile. Waziri alikaa kwenye kiti mbele, yeye na viatu vyake, na mimi nilisimama karibu na Mashavu na maikrofoni, maana shughuli ilikuwa inarushwa nchi nzima.

Ndipo akaingia Bi. Kidawa, muuza mkaa wa jirani, aliyekuwa ametoka safari siku ileile na hakuna aliyewahi kumpa masharti. Akalia kilio chake, akafuta kamasi kwa upindo wa kanga, akaketi karibu na Mashavu, akamshika mkono.

"Pole mwanangu. Pole sana. Mama alikuwa akiumwa nini?"

Waziri aligeuka taratibu. Nilitakiwa kuzima maikrofoni, nalijua hilo, lakini kidole hakikunitii.

Mashavu aliinua uso. Alimtazama Waziri, akaitazama maikrofoni, kisha akaugeukia umati wote uliokuwa umekaa mikekani hadi barabarani.

"Hakuwa akiumwa, Bi. Kidawa," alisema, kwa sauti iliyotulia. "Mama alikuwa mzima. Mzima kama nyinyi nyote."

Waziri akapiga makofi, kwani jibu lilikuwa safi kisheria. Alipiga peke yake. Wengine waliinamisha vichwa, kila mmoja akaitazama miguu yake mwenyewe iliyokuwa wazi juu ya mkeka. Mingi ilikuwa imevimba.